Mashudu matamu, mashine iliyochoka

Mfugaji alichota mashudu, yale mabaki ya alizeti iliyokamuliwa mafuta, kwa kiganja, akayafikicha, kisha akafungua mkono ili tuone. Kiganja kilikuwa kinang'aa.

"Ndiyo maana nazipita mashine zote za huko barabarani nakuja hapa," alisema. "Mashudu yenu yana mafuta. Kwingine ni makapi matupu, ng'ombe anajaza tumbo tu."

Mwenye mashine alicheka kwa raha, akamwambia kijana wa mizani amwongezee mzee sado moja ya bure. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya gia boksi natafuta oili inavujia wapi. Nilimwamkia mzee, akaitikia, magunia yakapandishwa kwenye guta, biashara ikaisha vizuri. Kila mtu alikuwa na furaha.

Isipokuwa mimi, na sikujua niseme nini.

Maana kwa fundi ile haikuwa sifa. Mfugaji alikuwa ametoa ripoti ya ukaguzi kwa kiganja chake bila kufungua bolti hata moja: skrubu ya mashine ile imelika. Mafuta yaliyompendeza ndiyo yaliyopaswa kuwa kwenye dumu.

Limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Mashine kuchoka si habari. Kuchoka ni kazi yake na kuifufua ni kazi yangu. Linalonisumbua ni namna uchovu ule ulivyomfaa kila mtu aliyekuwa amesimama pale.

## Koni inaficha mengi

Wengi wenu mmekulia Singida au Dodoma, kwa hiyo sina haja ya kuanza na alizeti inaingiaje kwenye hopa. Niseme tu yale yanayofanyika mahali ambapo macho hayafiki.

Ndani ya kizimba, yaani lile silinda la vyuma vilivyopangwa kwa kuacha mianya, kuna shafti iliyovishwa vipande vya skrubu, kimoja baada ya kingine. Kadiri mbegu inavyosogea mbele, nafasi inapungua: kwenye mashine nyingine kiini cha shafti kinanenepa, kwenye nyingine nyuzi za skrubu zinasogeleana. Mafuta yanachuruzika kupitia mianya myembamba ya kizimba, na kilichobaki kinatokea mwisho, kuzunguka koni. Ukikaza koni, njia ya kutokea inakuwa nyembamba na shinikizo linapanda. Ukilegeza, linashuka.

Kazi yote hiyo inategemea mwanya ulioko kati ya ukingo wa skrubu na ukuta wa kizimba. Ukiwa mdogo, mbegu haina pa kukimbilia ila mbele. Ukitanuka, sehemu ya zile mbegu zilizosagika inateleza juu ya ukingo na kurudi ilikotoka, au inazunguka pamoja na skrubu palepale bila kusonga. Mota inanguruma, belti inazunguka, vumbi linapaa, na shinikizo hakuna.

Sasa mwangalie opereta. Anaona mashudu yanatoka manene, laini, yana mafuta. Anachukua spana, anakaza koni kidogo. Baada ya muda mashudu yanarudi kuwa membamba na makavu, naye anarudi kwenye kiti chake.

Alichofanya ni kuhamisha mzigo. Shinikizo ambalo lilipaswa kujengeka polepole kwa urefu wote wa kizimba sasa linalundikana mwishoni, kwenye vipande vilevile ambavyo vimelika kuliko vingine. Joto linapanda hapo. Mashudu yanaanza kuungua kingo, mafuta yanakuwa meusi na yana harufu ya moshi, na beringi inayopokea msukumo wa shafti kurudi nyuma inabebeshwa zaidi ya ilivyozoea. Vipande vya mwisho vinalika kwa kasi zaidi ya jana. Wiki inayofuata anakaza tena. Nyuzi za koni zikifika mwisho ndipo napigiwa simu, na simu hizo huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, mashine imeharibika ghafla."

Ghafla!

Mwaka 1985 mhandisi Carl Bielenberg alibuni pale Arusha mashine ya mkono ya kukamua alizeti, yenye pistoni na mpini mrefu. Ilikuwa kazi ya jasho, sitaki kuisifu kupita kiasi. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo mashine zetu za umeme hazina: anayekamua alikuwa anasikia kwa mkono wake mwenyewe. Pistoni ikilegea, mpini unakuwa mwepesi, na mkono unajua. Mota haina wa kumwambia. Itavuta umeme inaouhitaji, na kama hakuna kipima ampia ukutani, habari inaishia kwenye bili, ambayo nayo inasomwa na mtu mwingine kabisa.

## Mchanga wa uani

Watu huniuliza, alizeti ni kitu laini, inawezaje kula chuma?

Ganda lake lina ukali kidogo, ni kweli. Lakini mlaji mkuu ni mchanga. Vichwa vya alizeti vinaanikwa chini, vinapurwa kwa fimbo juu ya ardhi tupu, kisha mbegu zinafagiliwa pamoja na ufagio unakusanya kila ulichokikuta. Chembe ya mchanga ule mweupe ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ipitishe kati ya skrubu na kizimba chini ya shinikizo, mchana kutwa, msimu mzima, halafu ushangae chuma kimekwenda wapi.

Turubai moja la kupuria linaokoa skrubu kuliko ufundi wangu wote. Nimelisema hili kwenye mikutano ya wakulima na watu wakatikisa vichwa. Mkulima anauza kwa kilo, mchanga una uzito, na turubai analinunua yeye. Sitegemei miujiza hapo.

Kwa hiyo kinga inabidi iwe mashineni. Chekeche la kutikisika kabla ya hopa, lenye matundu ya kupitisha mchanga chini na kuzuia mawe na vijiti juu. Na sumaku. Ukikosa ya dukani, sumaku za spika mbovu zilizofungwa kwenye mdomo wa hopa zinafanya kazi. Unazifuta kila asubuhi na unaona mwenyewe zilichokamata. Vipande vya waya wa kushonea magunia, misumari, nati iliyotoka kwenye trela ya mtu. Mchanga unakula skrubu taratibu, lakini nati moja inamega ukingo siku hiyohiyo.

Kuna kinaya kizuri kwenye historia ya mashine hii ya skrubu. Kabla yake, viwanda vikubwa vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinafunga mbegu kwenye vitambaa na kuzibana chini ya mashine ya haidroliki, fungu kwa fungu: unapakia, unabana, unangoja, unapakua. Valerius Anderson wa Cleveland, Marekani, akapata hataza ya mashine ya skrubu mwaka 1900, na jina alilolipa, Expeller, ndilo mpaka leo linatajwa hata kwa mashine ambazo hazikutoka kiwandani kwake. Alichoondoa ni kule kungoja. Mbegu inaingia huku, mashudu yanatoka kule, bila kusimama.

Ila kule kungoja kulikuwa na faida ambayo haikuhesabiwa. Kitu kinachobana kikiwa kimetulia hakisuguani sana na kitu kingine. Skrubu inabana huku inasugua, kila mzunguko. Kulika hakukuja kama ajali juu ya uvumbuzi ule, kulikuja nao. Mashine za skrubu zinazokamua samadi kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa huko Ulaya zina ugonjwa huohuo, na zile za mawese pia. Kinachobadilika ni kinachopita ndani.

## Siku ya kufungua

Ukaguzi mzuri unaanza mashine ikiwa bado inafanya kazi. Fundi anayefika na kudai ukimya mara moja amejinyima nusu ya habari.

Kwanza naangalia mafuta yanadondokea wapi. Kwenye mashine nzima, sehemu kubwa ya mafuta inashuka mapema, kuanzia mwanzo wa kizimba hadi katikati, na kule mwisho yanabaki matone. Skrubu ikilika, mahali pa kudondokea pananyata kuelekea kwenye koni. Hiyo ni dalili ninayoiamini kuliko maneno ya opereta yeyote. Kisha naokota mashudu. Yakiwa mazuri yanatoka kama vigae vyembamba vilivyopinda, upande mmoja laini na mwingine wa kukwaruza, na yanakatika kwa sauti. Yakivunjika kuwa ungaunga wa mafuta, au yakitoka mapana upande mmoja wa koni na membamba upande wa pili, najua nitakutana na nini ndani. Naangalia pia mashapo kwenye pipa la mafuta. Yakiongezeka ghafla, mianya ya kizimba imetanuka na mbegu yenyewe inapenya, si mafuta peke yake.

Halafu naomba mashine ilishwe mashudu makavu, koni ilegezwe taratibu mpaka kizimba kiwe tupu, ndipo izimwe. Ukizima ikiwa imejaa, mashudu yanaganda humo ndani na utafungua kwa patasi na nyundo.

Swichi kubwa inashushwa, naifunga kwa kufuli, ufunguo unaingia mfukoni mwangu. Si mfukoni mwa mwenye mashine, si juu ya meza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ina mengi ya kumwambia mwenye kiwanda kuhusu vitu vinavyozunguka, lakini kufuli ndiyo sheria ninayoweza kuibeba kwenye mkoba wa spana.

Kizimba kinafunguliwa kingali na joto. Uchafu unatoka vizuri ukiwa laini. Ukiusubiri upoe, utakesha. Kila kipande cha skrubu nakipiga namba kwa rangi kabla hakijatoka kwenye shafti, kwa sababu vikilala chini vinafanana, na havifanani.

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Vipande vya mwanzo, vile vya chini ya hopa, mara nyingi ni kama vilivyotoka dukani, hata rangi ya kiwandani unaweza kuikuta kwenye kona. Mbegu pale bado ni nzima na haijabanwa. Katikati unaanza kuona chuma kinang'aa. Ukifika vipande vya mwisho, mahali ambapo mbegu imekauka na shinikizo liko juu kabisa, unakuta ukingo umekuwa wa mviringo na uso unaosukuma umechimbika. Kingo nyingine zinakuwa kali kiasi cha kukata ngozi ya kidole, na wengi hudhani ukali ni uzima. Ukingo mzima ni mpana na bapa. Ukiwa mkali, ujue nyama yake imeshaondoka. Ukiona rangi ya bluu pale, kipande kimepata moto kuliko kilivyotakiwa, na ugumu wake umeshapungua.

Macho hayatoshi. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, inapita kwenye kila kipande, sehemu mbili tofauti za mzunguko, kwa sababu skrubu nyingine hulika upande mmoja shafti ikiwa imepinda. Namba inaandikwa. Kisha vyuma vya kizimba: napitisha ukucha juu yake nikitafuta mifereji inayofuata mzunguko wa skrubu, na fila geji, vile bapa vyembamba vya kupimia mwanya, kati ya chuma na chuma. Vyuma vya aina nyingi vinaweza kugeuzwa na kutumia ukingo ambao haujaguswa. Huo ni ukarabati wa bure kabisa, na bado nakuta vimetupwa kwenye vyuma chakavu vikiwa vimetumika upande mmoja tu.

Mwisho, shafti inasukumwa mbele na nyuma kwa mtaimbo, kusikiliza kama beringi ya msukumo ina uchezaji. Oili ya gia inamwagwa kwenye beseni safi na sumaku inazungushwa humo. Unga mwembamba wa chuma si shida. Vipande unavyoweza kuvishika ni shida.

Usiniulize mwanya sahihi ni milimita ngapi kwa mashine zote. Za Kichina na za Kihindi tulizonazo hazilingani, na hata mbili za jina moja hazilingani. Kipimo kiko kwenye kitabu cha mashine. Kitabu kikiwa kimepotea, na mara nyingi kimepotea, pima siku unayofunga skrubu mpya na uandike. Bila namba ya siku ya kwanza, kalipa yangu haina cha kulinganisha.

## Tani moja kwenye karatasi

Baada ya siku ile ya mfugaji nilikaa nikafanya hesabu ambayo ningetaka kila mwenye mashine aifanye mwenyewe, kwa kalamu.

Chukua kilo 1,000 za alizeti. Tuseme asilimia 38 yake ni mafuta: kilo 380. Kilo 620 zilizobaki si mafuta na hazitakuwa mafuta kwa skrubu ya aina yoyote. Mashine nzuri ikibakiza asilimia 8 ya mafuta kwenye mashudu, utapata mashudu kilo 674 na mafuta kilo 326 hivi. Mashine iliyolika ikibakiza asilimia 14, mashudu yatakuwa kilo 721 na mafuta kilo 279.

Tofauti ni kilo 47. Kwa kuwa lita ya mafuta ina uzito wa kama kilo 0.92, hizo ni lita 51. Madumu mawili na nusu ya lita 20, kwa kila tani.

Lakini angalia upande wa pili wa mizani. Mashudu nayo yameongezeka kilo 47. Hakuna kilichopotea! Jumla inafunga ileile, na mwenye mashine anayepima magunia jioni anaona magunia ya mashudu yameongezeka. Anaweza hata kufurahi. Mafuta yamehama kutoka kwenye kitu cha bei kubwa kwenda kwenye kitu cha bei ndogo, na mizani haina namna ya kuonyesha uhamisho huo.

Kujua kwa uhakika ni kupeleka sampuli maabara. Lakini kwa matumizi ya kila wiki, gunia moja lililopimwa na dumu moja lililopimwa vinatosha. Kamua alizeti ya aina moja, kutoka kwa mkulima mmoja, iliyokauka sawasawa, uandike lita kwa kila kilo 100. Fanya hivyo tena baada ya muda, kwa mbegu zinazofanana. Namba ikiteremka huku koni inazidi kukazwa, huhitaji fundi akwambie.

## Ni ya nani hasara?

Hapo ndipo niliponaswa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba wenye mashine hawafanyi ukaguzi kwa kutojua. Nikidhani nikiwaonyesha hesabu kama ile ya juu, watakimbilia kalipa. Ni imani nzuri kwa fundi, inampa kazi na inampa heshima.

Ila mashine ile ya mfugaji hainunui alizeti. Inakamulia watu. Mkulima analeta magunia yake, anaondoka na madumu yake, na malipo ya kukamua ni mashudu: yanabaki kwa mwenye mashine. Mnaujua utaratibu huu, uko kila mahali katika ukanda wetu, na kwa mkulima asiye na fedha mkononi wakati wa mavuno una maana sana.

Basi rudi kwenye zile kilo 47.

Zimetoka kwenye dumu la mkulima, zimeingia kwenye gunia la mwenye mashine. Na kwa kuwa zimeingia zikiwa mafuta, zimeyafanya mashudu yapendwe na wafugaji. Mashine ikilika, mwenye mashine anapata mashudu mazito zaidi na wateja wanaosifu. Ampelekee mkulima hasara, apokee sifa za wafugaji. Kwa nini anilipe mimi nimharibie biashara?

Sisemi anafanya makusudi. Nimemfahamu miaka mingi na ni mtu wa haki kwenye mizani. Hawezi kukuibia robo kilo. Nasema utaratibu wa malipo umemwekea pazia. Kila dalili ambayo ingemuumiza imegeuzwa kuwa habari njema kabla haijamfikia. Mashudu yenye mafuta: wateja. Mashudu mengi: kipato. Koni iliyokazwa mpaka mwisho: opereta hodari.

Nilianza kuwaza mashine nyingine ninazohudumia, nikaona mstari ambao sikuwahi kuuona. Wale wanaonunua alizeti kwa fedha yao na kuuza mafuta yao hunipigia kabla ya msimu. Wanagombana na mimi kuhusu nusu milimita. Wale wanaokamulia kwa malipo ya mashudu hunipigia shafti ikikatika. Wako wachache wa kati, wanaotoza fedha kwa kilo na kumrudishia mkulima kila kitu, na hao hufungua mashine pale mkulima mmoja mwenye mdomo anapolalamika mbele ya wengine.

Elimu ile ile. Mashine zile zile.

## Umeme ukikatika

Pumziko kidogo, kwa sababu hili linaua shafti nyingi kuliko mchanga na sitaki lisahaulike.

Umeme ukikatika mashine ikiwa imejaa, hatua ya kwanza ni kwenda kwenye swichi na kuizima. Umeme ukirudi wenyewe, mota itajaribu kuzungusha skrubu iliyobanwa na mashudu yaliyoanza kuganda, na kitu fulani lazima kikubali: kii ya shafti (kipande cha chuma kinachoifunga shafti na puli), belti, au shafti yenyewe. Legeza koni, toa ulichoweza kutoa kwenye hopa na mdomoni, zungusha puli kwa mkono. Isipozunguka kwa mkono, usiiombe mota. Fungua.

Na ukiwasha tena, anza na mashudu makavu huku koni imelegea, mpaka kizimba kipate joto. Alizeti baadaye, kidogo kidogo.

## Fimbo za mageti

Skrubu iliyolika haitupwi mara moja. Inajazwa kwa kuchomelea, kisha inasagwa kwa grenda mpaka kipimo chake cha zamani. Ndivyo ilivyo, na hapa nina ugomvi na wenzangu wa welda.

Fimbo za kawaida, zile zinazochomelea mageti na vitanda, zinajaza vizuri na zinasagika kirahisi. Skrubu inarudi kwa mwenyewe inang'aa, ina kipimo sahihi, na bei ni ya kirafiki. Chuma kile ni laini. Mchanga utakimaliza msimu haujafika nusu, na pamoja nacho yatakwenda mafuta ya kutosha kununua skrubu mpya. Fimbo za kujazia chuma kigumu, zenye kromu nyingi, zinauzwa ghali na zinatesa grenda. Ukimaliza utaona nyufa ndogondogo za juujuu zikikatiza mstari wa kuchomelea. Wateja hushtuka, lakini kwa aina hiyo ya fimbo ni kawaida. Cha kuogopa ni ufa unaoshuka mpaka kwenye chuma cha asili, na matundu ya hewa, na mabaki ya kuchomelea ambayo hayakugongwa yakatoka. Hayo yataishia kwenye mafuta ya mtu.

Na mafuta hayapendi chuma. Chembe za chuma zinaharakisha mafuta kuharibika harufu, hata yakiwa yamechujwa mpaka yakaonekana safi kwenye chupa. Kwa hiyo baada ya kila ukarabati, mafuta ya kwanza kutoka hayawekwi kwenye dumu la mkulima. Natumaini sihitaji kueleza zaidi.

Jambo jingine: usijaze kipande kimoja peke yake kwenye mashine iliyolika yote. Kipande kizima katikati ya vilivyochoka kinasukuma zaidi ya kinachoweza kupokelewa mbele yake, mbegu inajikaba hapo, na umejitengenezea kizibo. Panga angalau vile vya mwisho viwe kundi moja.

## Nilichomwambia

Nilirudi kwa yule mwenye mashine, na safari hii nilienda na mizani yangu ndogo na karatasi ya hesabu. Sikuzungumza habari za skrubu kwanza. Nilimwomba tukamue gunia lake mwenyewe, alizeti ya shamba lake, ambayo mafuta yake yanaliwa nyumbani kwake. Tukapima lita. Kisha nikamwonyesha lita ambazo mashine ya jirani, anayenunua kwa fedha, anapata kwa uzito uleule.

Alinyamaza. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Fundi, nikitengeneza, mashudu yatakauka. Wafugaji watahama. Wakulima wataongeza madumu, ni sawa, lakini mimi silipwi kwa madumu. Hiyo skrubu nailipia na nini?"

Ningeweza kumhubiria uaminifu. Sikuona kama ananihitaji kwa hilo. Tulichofanya ni kukaa juu ya magunia na kuanza kupiga hesabu ya bei: akitoza fedha kwa kilo na mkulima akachukua mashudu yake, atoze ngapi, akibaki na mashudu lakini mkulima akapata lita zaidi, je, wakulima wataongezeka kiasi gani. Kwa sababu wakulima nao wanalinganisha. Mnadani wanaulizana gunia limetoa dumu ngapi na mashine gani, na alikiri kwamba msimu huu magari mawili ya watu aliowazoea yamepita mlangoni kwake bila kusimama.

Alikuwa ameyaona yakipita. Alidhani ni barabara.

Tulikubaliana vipande vya mwisho vijazwe kwa fimbo za chuma kigumu, vyuma vya kizimba vigeuzwe, na pia chekeche la kabla ya hopa lirudishwe mahali pake. Lilikuwa nyuma ya stoo, kuku wanalalia. Vipande vya katikati alikataa, akasema vitasubiri. Mimi ningevifanya vyote pamoja kwa sababu niliyoieleza hapo juu, lakini vya katikati havikuwa vibaya sana, na mashine ni yake. Vipimo vyote viko kwenye daftari la shule lililoning'inizwa kwa kamba karibu na swichi, tarehe pembeni. Kijana wa mizani ndiye anayeandika lita kwa kila kilo 100, maana opereta alisema kazi ya kuandika si yake.

Kuhusu malipo kuwa fedha badala ya mashudu, bado. Anataka kwanza aone lita zinapandaje mavuno ya mwaka huu yakianza kuingia, kisha aitishe wakulima wake wakubwa wakae naye. Mimi nimemwomba na wafugaji waitwe.